Kagueni Kazi, Si Ukuta: Hoja Juu ya Vijana Wanaofunga Shokapu Nyumbani

Kila mwisho wa juma, uani mwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, na bila shaka hata za Nairobi na Kampala, utakuta gari dogo la spoti limenyanyuliwa juu ya stendi. Magurudumu yamelazwa pembeni, boneti iko wazi, na kijana mmoja au wawili wamejikunja kwenye madigadi wakifungua shokapu zilizokuja na gari kutoka Japani ili wafunge nyingine walizozinunua wenyewe. Hawako gereji. Hawana ovaroli wala kibao mlangoni. Wana simu inayoonyesha video, sanduku la spana, na jirani anayewatazama kwa mashaka.

Jirani huyo kwa kawaida husema moja kati ya mawili. Ama atasema kwamba hao ni wahuni wanaochezea chombo cha moto, na kwamba serikali iwapige marufuku. Ama atasema waacheni, gari ni lao na fedha ni zao. Nimezisikia kauli hizi mbili kwa wanafunzi wangu, kwa wanaharakati, na kwa maofisa wa serikali ninaokutana nao katika semina. Naziona zina kasoro moja ya pamoja: zinauliza ni nani aliyefanya kazi na ameifanyia wapi, kisha zinasahau kuuliza kazi yenyewe imekaaje. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hili la tatu ndilo lenye uzito kwa mtu anayevuka barabara mbele ya gari hilo, na kwamba sheria na taasisi zetu zinapaswa kujengwa juu yake.

Kinachofungwa ni nini?

Tuanze na kifaa chenyewe, maana mijadala yetu mingi ya sera hukosa nguvu kwa kuruka kitu na kukimbilia kanuni. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haikuwekwa kubeba uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi. Gari lenye springi nzima na shokapu zilizokufa, likipita kwenye shimo, huendelea kuruka baada ya shimo kupita, na kila tairi linapoachana na lami, hata kwa nusu sekunde, dereva hana breki wala usukani katika tairi hilo. Tukumbuke pia kwamba mguso wa tairi na lami si mkubwa sana kuliko kiganja cha mtu mzima. Subaru Impreza WRX ya miaka ya mwanzo ya 2000 ina uzito wa takriban kilo 1,400. Uzito wote huo, pamoja na abiria na mwendo wake, hutegemea viganja vinne.

Impreza, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1992 hadi toleo lililokoma mwaka 2007, hutumia mbele na nyuma mguu wa aina ya MacPherson, uliopewa jina la mhandisi wa Kimarekani Earle S. MacPherson. Katika muundo huo shokapu ina kazi ya ziada: ni kiungo kinachoshika gurudumu lisimame wima. Chini hushikwa kwa bolti mbili kubwa kwenye kitovu cha gurudumu, juu hushikwa kwa nati tatu kwenye bodi. Shokapu ikilegea hapo, gurudumu nalo limelegea. Msomaji ashike jambo hili, kwa sababu ndilo linalotofautisha kufunga shokapu na kufunga redio.

Kifaa ambacho vijana wanakiita koilova ni shokapu iliyovalishwa springi yake, na mwili wake umechongwa hesi kama za bolti, ili urefu wa gari uweze kupandishwa au kushushwa kwa kuzungusha kola. Wengi hukinunua kwa sababu wanapenda gari lililo chini na lisiloyumba kwenye kona. Wengine hubadili shokapu kwa sababu isiyo ya anasa hata kidogo: gari limekuja likiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, mafuta yameshavuja, na mipira ya bushi imepasuka. Wengine hufanya kinyume cha kushusha. Huweka spesa ili gari linyanyuke, lisikwangue tumbo kwenye makorongo ya njia za mitaani. Wote hawa wanafanya jambo moja. Wanaligeuza gari lililobuniwa kwa barabara za kwingine lifae maisha yao.

Jambo hili si geni kwetu

Wapo wanaodhani kugeuza miguu ya gari ni uigaji wa mitindo ya ng'ambo. Historia ya ukanda wetu inakataa. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na njia zake za mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, aliyashinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliyashinda mara tano. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda akiwa na Impreza, na nadhani mapenzi ya vijana wetu kwa gari hilo yana mizizi katika miaka ile.

Magari yale yalipoletwa Afrika Mashariki hayakushushwa. Yalinyanyuliwa, yakawekewa shokapu ndefu na imara zaidi, kwa sababu barabara ndiyo iliyoamuru. Shokapu zikifa njiani, mafundi walizibadilisha kando ya barabara, kwenye vumbi na matope. Lakini kabla ya gari kuruhusiwa kuanza mashindano, wakaguzi walilipitia. Mkaguzi hakuwa na haja ya kujua kama shokapu ilifungwa kwenye karakana ya kiwanda au chini ya mgunga. Alikuwa na haja ya kujua kama gari lililo mbele yake linatimiza masharti. Katika mchezo huo uhuru wa fundi na ukali wa mkaguzi havikupingana, na kila kimoja kilikihitaji kingine.

Nilichokiona uani

Miezi michache iliyopita nilikaa nusu siku uani kwa jirani yangu. Mtoto wake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, alikuwa anafunga koilova kwenye Impreza aliyoachiwa na kaka yake.

"Shikamoo Dokta," alinisalimu akiwa amechuchumaa.

"Marahaba. Umelitegemeza kwa jeki peke yake?"

"Hapana Dokta. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari limekaa kwenye stendi."

Nililikagua jibu lake kwa macho, na lilikuwa kweli. Alikuwa amechagua sehemu ya ua yenye sakafu ya zege, amelegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, ameweka magogo kwenye magurudumu yaliyobaki ardhini, kisha akaweka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa ambazo mtengenezaji amezitenga kwa ajili hiyo. Kabla ya kuingiza mkono, alilisukuma gari kwa bega kuona kama linatikisika.

Halafu alifungua kishikizo cha mpira wa breki na cha waya wa ABS, visije vikavutwa mguu ukitoka. Akaichora kwa rangi bolti ya juu kati ya zile mbili kubwa, kwa kuwa katika gari hilo ndiyo inayopanga mlalo wa gurudumu la mbele. Akafungua nati tatu za juu, na ile ya katikati hakuigusa. Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza bila kuinua kichwa kwamba nati ile ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke, na kwamba anayeifungua bila kibano cha springi anaweza kuvunjwa taya au kuuawa. Koilova zake zilikuja na vikalio vyake vya juu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuisogelea.

Kwenye kukaza ndiko nilikojifunza zaidi. Alikuwa ameazima spana ya kupimia nguvu. Nati tatu za juu zinataka takriban nyutonimita 20, kiasi ambacho mkono wa mwanamume mwenye pupa hukizidi bila kujua, na hesi ikaharibika. Bolti mbili za chini zinataka zaidi ya 150, kiasi ambacho mkono huo huo hudhani umekifikia kabla haujakifikia. Kwa hiyo mtu anayekaza kwa hisia anaweza kukosea mara mbili katika gurudumu moja, kwa kuzidisha huku na kupunguza kule, na akanawa mikono akiamini kazi imekwisha.

Alasiri baba yake alimwita fundi mzee aliyefanya kazi Gerezani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee hakumdharau kijana. Alipita kila bolti kwa spana ile ile ya kipimo, akaweka alama ya rangi kwenye kila aliyoipima, akageuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho kuona kama mpira wa breki unavutwa. Kisha akaomba futi kamba, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne.

"Mwanangu, hapa kushoto umeacha juu sentimita moja."

"Kweli, Mzee. Sikupima, nilihesabu hesi tu."

"Mimi nimekaza kwa mkono miaka yote. Lakini hii spana yako inasema namba, tuisikilize. Ukishaendesha kama kilomita mia, rudi tuzipitie tena."

Kesho yake asubuhi gari liliendeshwa taratibu hadi kwa wapima alaimenti, likarudi na karatasi yenye vipimo. Taa za mbele zilipangwa upya vilevile, maana gari likishuka au kupanda, mwanga nao hubadili mwelekeo, na anayepofushwa ni dereva wa upande wa pili.

Sikuandika haya ili kumsifu kijana. Ninachotaka kionekane ni kwamba usalama wa kazi ile haukutokana na kozi yake ya chuo kikuu peke yake, wala na miaka thelathini ya mzee peke yake. Ulitokana na vitu viwili: kipimo kinachosomeka, na jicho la pili lisilo la yule aliyeshika spana.

Risiti si ushahidi

Linganisha na kisa cha mwenzangu mmoja kazini. Yeye hakutaka mambo ya uani. Alipeleka gari lake kwenye gereji iliyosajiliwa, yenye kibao, kaunta na kiyoyozi, akabadilishiwa shokapu mbili za mbele, akapewa risiti yenye muhuri. Siku ya tatu alianza kusikia mgongo wa chuma upande wa kulia kila alipopita kwenye tuta. Fundi mwingine alipofungua gurudumu alikuta bolti moja ya chini haijakazwa inavyopaswa, na mpira wa breki umefungwa ukiwa umejisokota. Mwenzangu huyo alikuwa amewapeleka watoto shule kwa gari hilo siku zote tatu.

Siitaji gereji hiyo, kwa sababu hoja yangu si juu ya gereji moja. Fundi mzuri anaweza kusahau bolti siku ya kazi nyingi. Tatizo ni kwamba katika utaratibu wetu, risiti ile ndiyo ushahidi wa mwisho. Aliyekaza ndiye aliyejithibitishia kwamba amekaza. Tukiwapiga marufuku vijana wa uani na kuwalazimisha wote waende kwenye gereji zenye kibao, tutakuwa tumehamisha bolti iliyolegea kutoka sehemu moja hadi nyingine, na tumewaongezea wananchi gharama juu yake.

Na ajali ikitokea tutasema nini? Tutasema ajali haina kinga. Nauheshimu msemo huo pale unapomfariji mfiwa. Siukubali unapotumiwa na ofisi. Bolti iliyolegea ina kinga, na kinga yake ni mtu mwingine kuipima kabla gari halijatoka.

Wenzetu wamefanyaje?

Mwaka 1865 boila la mvuke lililipuka katika kiwanda cha bia mjini Mannheim, Ujerumani. Mwaka uliofuata, wenye maboila wa eneo hilo walianzisha chama cha kuyakagua maboila yao wenyewe. Vyama vya namna hiyo vilienea, na ndivyo mababu wa mashirika yanayojulikana leo kwa jina la TÜV, ambayo hukagua pia magari. Leo Mjerumani anaruhusiwa kufunga koilova uani kwake. Lakini baada ya kufunga hupaswa kulipeleka gari kwa mkaguzi pamoja na hati ya kifaa, kazi ikapimwa, na badiliko likaandikwa kwenye nyaraka za gari. Asipofanya hivyo, kibali cha gari lake kutembea barabarani kinaweza kufa.

Japani, nchi yanakotoka magari yetu mengi, ina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: kwa gari jipya la binafsi baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Mwenye gari anaweza kulipeleka mwenyewe kwenye kituo bila kupitia gereji. Mwaka 1995 serikali yao ililegeza masharti ya mabadiliko, vifaa kama springi na shokapu vikawa rahisi zaidi kubadilishwa na mwenye gari. Hawakulegeza vipimo. Sehemu ya chini kabisa ya gari la kawaida haipaswi kuwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na kipimo hicho hakijali gari ni la nani.

Uingereza ilianza kupima magari makuukuu mwaka 1960, na leo gari la kawaida hupimwa kila mwaka baada ya kufikisha miaka mitatu. Mpimaji hutazama springi, shokapu, bushi na breki. Haombi cheti cha aliyezifunga.

Nchi hizi tatu zina historia na tabia tofauti, lakini zimekutana kwenye jambo moja: mkono wa raia uko huru, na kazi ya mkono huo hupimwa. Tena Mannheim inatukumbusha kwamba walioanza hawakusubiri waziri. Wenye maboila wenyewe walichoka kuzika watu.

Hali yetu

Sisi tunayo Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, na kila mwaka tunayo Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani na stika zake. Sidharau juhudi za askari wanaosimama juani. Lakini askari aliye kando ya barabara, bila shimo la kuingia chini ya gari na bila chombo cha kupimia, anaweza kuona taa iliyovunjika na tairi lililoisha. Hawezi kuona bolti iliyokazwa nusu. Gari la binafsi likishasajiliwa linaweza kukaa barabarani miaka mingi bila kuwahi kupandishwa kwenye mashine ya kupima breki au shokapu. Stika iliyo kwenye kioo inatuambia kwamba imelipiwa. Mengine tunajaza wenyewe kwa imani.

Wakati huo huo tumebuni neno "gereji bubu" kwa mafundi wasiosajiliwa, na mara kwa mara halmashauri huwafukuza kutoka eneo moja, nao huhamia jingine. Neno lenyewe linasema mengi. Fundi huyo tumemfanya bubu sisi. Hawezi kuja kuuliza, hawezi kuleta kazi yake ipimwe, kwa sababu akijitokeza atakamatwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mfumo unaowafanya mafundi na vijana wajifiche hauwezi kujua springi ngapi zimekatwa kwa gurainda ili gari lishuke, wala spesa ngapi zimechongwa kwa mpira au mbao ili gari lipande. Kazi hizo za hatari zipo. Zipo gizani.

Mapendekezo matatu

La kwanza ni vituo vya kupima kazi. Hatuhitaji kujenga majengo mapya. Vyuo vya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, vimeenea mikoani, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina wataalamu. Karakana za vyuo hivi zinaweza kufunguliwa siku za Jumamosi kwa mwananchi aliyefunga kitu mwenyewe, au aliyefungiwa na fundi wa mtaani, au hata aliyetoka kwenye gereji yenye kiyoyozi. Kituo kinahitaji shimo la ukaguzi, spana ya kupimia nguvu, mashine ya kupima breki, na kifaa cha kupimia mwelekeo wa taa. Wanafunzi watajifunza kwa magari halisi chini ya usimamizi wa walimu wao, na mwananchi atalipa ada isiyomfukuza.

La pili ni kanuni fupi, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka. Springi iliyokatwa isiruhusiwe. Spesa ya mpira, ya mbao au isiyojulikana imechongwa kwa madini gani isiruhusiwe. Mpira wa breki usivutwe usukani unapofika mwisho. Tairi lisiguse madigadi gari likiwa limejaa abiria. Sehemu ya chini kabisa ya gari iwe na kipimo kinachojulikana. Taa zipangwe upya. Karatasi ya alaimenti iambatanishwe. Mtu yeyote anaweza kujikagua kwa kanuni hii kabla ya kwenda kituoni.

La tatu ni kumbukumbu. Badiliko lililopimwa na kupita liandikwe kwenye taarifa za gari, na kampuni ya bima ijulishwe. Anayenunua gari hilo baadaye ajue anachonunua. Ikitokea ajali, uchunguzi uanze na karatasi badala ya uvumi.

Pingamizi

Nitaambiwa kwamba hilo litakuwa dirisha jipya la rushwa. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu langu ni kwamba rushwa hustawi zaidi pale uamuzi unapokuwa jicho la mtu mmoja. Kipimo kinachotoka kwenye mashine, mbele ya mwenye gari, dhidi ya ukomo uliotangazwa, ni kigumu zaidi kukiuza. Na mwananchi anayenyimwa haki kituo kimoja apewe ruhusa ya kwenda kingine. Sidai kwamba rushwa itakwisha. Nadai kwamba itakuwa na nafasi ndogo kuliko iliyonayo kando ya barabara.

Wanaharakati wataniambia kwamba hili ni jambo la wenye magari ya spoti, ilhali walio wengi wanapanda daladala. Nakubali kwamba wengi wanapanda daladala, na ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa lao. Daladala iliyoongezewa majani ya springi ili ibebe kupita uwezo wake, na bajaji iliyochomelewa mtaani, zote zinahitaji swali lile lile: kazi imekaaje? Gari la spoti ni mahali rahisi pa kuanzia kwa sababu mwenyewe ana hamu ya kupimwa. Anajivunia kazi yake. Na tusisahau kwamba gurudumu likichomoka, mtembea kwa miguu ndiye asiye na mkanda wala bodi ya chuma ya kumkinga.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wasomi wenzangu. Wanasema kijana wa chuo kikuu hapaswi kushinda uani akipakwa grisi. Mimi nasema mhandisi ambaye hajawahi kuhisi tofauti kati ya nyutonimita 20 na 150 mkononi mwake ataandika sheria mbovu siku atakapokuwa ofisini. Tumewatenga wanaojua kwa kusoma na wanaojua kwa kushika, tukawapa wa kwanza vyeti na wa pili jina la bubu. Ule ua wa jirani yangu uliwaweka pamoja kwa nusu siku, na kila mmoja alisahihisha kilichompita mwenzake.

Tuanze wapi?

Mwanafunzi unayekusudia kufunga shokapu nyumbani: usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki tu, usiiguse nati ya katikati bila kibano, usikaze bila kipimo, na usiwashe gari hadi mtu mwingine amepitia kila bolti. Kama huna spana ya kipimo na huna wa kumwita, kazi hiyo ahirisha.

Mwanaharakati unayepigania usalama barabarani: vilabu vya wenye magari ya aina moja vipo tayari katika miji yetu mikubwa. Washawishi wanunue kwa pamoja spana ya kipimo na kifaa cha taa, wachague wakaguzi kati yao na mafundi wazoefu, na wakatae gari lisilopimwa kwenye misafara yao. Wenye maboila wa Mannheim hawakuwa na zaidi ya hapo walipoanza.

Nawe mtumishi wa umma ambaye siku moja utaletewa rasimu ya kanuni za mabadiliko ya magari: itazame vizuri inauliza nini. Ikiuliza tu kama fundi ana leseni na kama gereji ina kibao, irudishe kwa waliokuletea. Waambie waandike pia nani atakayeshika spana ya kipimo baada ya fundi kuondoka, atakayoipima ni bolti ipi, na matokeo yataandikwa wapi.